Kompyuta imekataa kuwaka baada ya stima kurudi: usilipie mazabodi kabla hujapima waya wa zambarau

Dada yangu, wa aleikum salaam. Swali lako nalirudia kwa kifupi ili na wenzako wenye shida hii wafuate. Una duka la fotokopi na kuchapa hapo Langoni, Lamu, kompyuta yako ni ya mezani, mtumba wa Uingereza, imekufanyia kazi vizuri mpaka juzi usiku stima ikapotea. Ilivyorudi asubuhi ukabonyeza swichi, feni ikazunguka kidogo ikasimama, ukabonyeza tena ikawa vilevile, na sasa hata kushtuka haishtuki. Fundi akaja akafungua, akakuonesha kapasita mbili karibu na prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, zimevimba vichwa na ya tatu ina kitu cha kahawia pale chini, akasema mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba vyote hivyo, imekufa, toa 6,500 akutafutie nyingine Mombasa. Unauliza ni kweli ama anakula pesa yako, na kama kuna namna ya kujua mwenyewe kabla hujalipa.

Usitoe hiyo pesa bado. Simwiti fundi wako mwongo, kapasita ikishavimba ni mbovu, hilo halina mjadala. Lakini kitu kibovu kuonekana si ushahidi kwamba ndicho kilichoizuia mashine kuwaka, na nikiisoma hadithi yako vizuri, stima ilipotea usiku, asubuhi mashine ikagoma, ninayemshuku wa kwanza hayuko kwenye mazabodi, yuko ndani ya lile boksi la pawa saplai, linalogeuza stima ya ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, ambalo hakuna aliyelipima. Hapa Malindi stima ikisumbua naletewa mashine za namna hii, na zinazoniuma ni zile ambazo mwenyewe keshanunua mazabodi, keshaifunga, na bado haiwaki.

Kabla hatujaenda mbali, hili lishike. Chomoa waya ukutani, sio kuzima tu. Halafu bonyeza swichi ya kuwashia uishikilie kama sekunde kumi ili moto wa stima uliobaki kwenye mazabodi utoke. Ndani ya kasha, ukishachomoa, unaweza kushika bila wasiwasi, volti za humo ni 12 kushuka chini. Lile boksi la pawa saplai ndo hapana, usilifungue hata likiwa limechomolewa. Stima yetu ni volti 240, ikishageuzwa mule ndani inafika karibu 340, na inakaa kwenye kapasita kubwa mbili zilizoandikwa 200V ama moja iliyoandikwa 400V au 450V. Zinaweza kubaki na moto huo baada ya kuchomolewa na huo moto unaua mtu. Kulifungua ni kazi ya fundi anayejua kuumwaga kwa rezista ama balbu halafu akapima na mita kuhakikisha, na ukimuona anazigonganisha na bisibisi zipige cheche, mwambie afunge akuachie mashine yako.

Sasa kapasita yenyewe. Hiyo ya duara uliyoiona imesimama, ndani yake kuna karatasi mbili za alumini zimeviringishwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyoloweshwa dawa ya maji, chini imezibwa na mpira na miguu miwili inatokea hapo. Kazi yake ni ya tangi la maji juu ya paa, mferejini maji yanakuja kwa vishindo na kukatika lakini wewe bombani unapata sawasawa. Prosesa inataka volti moja na kidogo tu, inatengenezewa kutoka volti 12 na ile sakiti iliyo ubavuni mwake ambayo inawasha na kuzima maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, bila kapasita ingepata moto wa kurukaruka na hesabu hata moja isingefanya.

Ile dawa ya maji ndo roho ya kapasita na ndo inayokwisha. Joto linaikausha. Kapasita nzuri ya kawaida inaandikwa 105°C, na kiwanda kinaipa tuseme saa 2,000 kwenye joto hilo. Kanuni tunayotumia ni kwamba kila joto likishuka digrii 10 umri unakuwa mara mbili, kwa hivo kwenye digrii 85 unapata saa 8,000 na kwenye 65 unapata 32,000. Piga hesabu ya duka lako, saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni saa 2,400. Kwa digrii 65 una miaka 13, kwa digrii 85 una mitatu na miezi. Na hizo digrii 20 mara nyingi zinaletwa na vumbi tu, duka la fotokopi lina vumbi la karatasi na wino wa unga, vinajaza mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa mpaka feni inazunguka bure na joto lote linawashukia jirani zake, ambao ni kapasita.

Halafu ziko mashine zilizozaliwa na ugonjwa. Kuanzia kama 1999 mpaka 2007 hivi ziliingia sokoni kapasita nyingi, hasa za viwanda vya Taiwan, ambazo dawa yake haikuchanganywa sawa ikawa inatoa gesi, zinavimba na kupasuka hata umri hazijamaliza. Dell peke yao mwaka 2005 walitenga dola milioni 300 kwa ajili ya hilo, na kompyuta zao za OptiPlex GX270 na GX280 ndizo zilizosumbua sana. Kwa hivo kama mashine yako ni ya miaka ile, kuvimba si uzembe wako. Za baadaye nyingi zimehamia kapasita kavu, kichwa chake ni alumini tupu bila mikato, pembeni haina ganda la plastiki, ndani hamna maji na ni nadra sana kuvimba. Zako zimevimba, basi za maji hizo.

Turudi kwenye ulichokiona. Kichwa cha kapasita ya maji kimekatwa alama ya msalaba ama ya herufi K au Y, hiyo mikato iko pale makusudi ili gesi ikizidi ipasukie hapo badala ya kulipuka. Kichwa kizima ni bapa kabisa. Weka ukingo wa kadi ama rula ndogo juu yake, uangalie kwa ubavu na tochi ya simu, kikiwa na tumbo hata kidogo hicho kishakwisha. Angalia na chini pia, maana zingine hazivimbi juu, zinasukuma mpira wa chini, kwa hivo kapasita inainuka ama inasimama upande wakati wenzake wamenyooka. Usipoteze muda kuangalia zilizo mbali, anzia pale kwenye prosesa, kisha kando ya RAM, vile vibao vya kumbukumbu, kisha pale inapochomekwa ile kebo nene ya pawa saplai.

Hiyo ya kahawia ndo nataka uiangalie tena kwa makini kwa sababu inadanganya watu wengi. Viwandani wanamwaga gundi chini ya kapasita ndefu ili zisitikisike safarini, gundi inatoka nyeupe ama ya maziwa na kwa miaka inageuka njano mpaka kahawia. Ukiigusa na kijiti ni ngumu ama ina mpira mpira, inang'aa, na mara nyingi imeunganisha kapasita mbili ama kapasita na koili iliyo jirani. Dawa iliyovuja haiko hivo. Inaacha ukoko mkavu, rangi ya kutu, hasa pale kwenye mikato ya kichwa, na ikishuka chini inabadilisha rangi ya bodi, njia za shaba zinaingia ukijani na miguu inaliwa. Na huko kwenu Lamu kuna cha tatu, chumvi. Mashine ikikaa karibu na dirisha la upande wa bahari, kusi ikivuma, baada ya miaka unakuta unga mweupe na ukijani kwenye miguu ya kila kitu cha chuma, sio kwenye kapasita peke yake. Ukiona ukijani umeenea mpaka kwenye tundu za nyaya za nyuma, hiyo ni hewa ya bahari, haijavuja kapasita. Inasafishwa kwa spiriti safi na mswaki laini, inaachwa ikauke kabisa.

Nimekaa sana kwenye macho, lakini macho yana mwisho. Kapasita inaweza kukauka ndani ikabaki na kichwa bapa na sura nzuri, na zile ndogo nyembamba hazina hata ile mikato, kwa hivo haziwezi kukuonesha kitu. Ndo maana nataka upime.

Tafuta mita, ile ya bei rahisi kabisa inatosha, hata ya fundi wa stima jirani yako. Iweke kwenye DC volti 20. Angalia kebo nene inayotoka pawa saplai kwenda mazabodi, iwe na matundu 24, nyaya za rangi nyingi. Kama yako haina matundu 24, ina sita ama nane tu, simama hapo hapo, hizo zina mpangilio wao na rangi zinaweza kuwa na maana nyingine kabisa, niandikie kwanza modeli yake. Ikiwa ni 24, iache ikiwa imechomekwa kwenye mazabodi, rudisha waya ukutani, washa swichi ya ukutani na ile ya nyuma ya pawa saplai kama ipo, ila kompyuta usiiwashe. Ncha nyeusi ya mita iguse chuma kitupu cha kasha kisicho na rangi, ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya kiunganishi, pale waya wa zambarau unapoingia, mpaka iguse chuma cha ndani.

Huo waya wa zambarau ndo volti 5 za kusubiri. Kompyuta ikiwa imezimwa pawa saplai haijalala yote, kuna sakiti ndogo mule ndani inakaa macho saa zote stima ikiwepo, inalisha mazabodi volti 5 ili ukibonyeza swichi kuwe na wa kusikia. Isome, inatakiwa iwe kati ya 4.75 na 5.25. Kisha mtu mwingine abonyeze swichi ya kuwashia huku wewe unaangalia namba. Ikibaki 5 imetulia, hiyo sakiti ni nzima na tunaendelea mbele. Ikiwa 4 na kitu, ama inapanda na kushuka, ama ukibonyeza inaporomoka, mazabodi haina kosa hapo, inalishwa njaa. Ikiwa sifuri kabisa, usikimbilie kulaumu, fungua plagi uangalie fyuzi, badilisha ile kebo, chomeka kwenye soketi nyingine bila ekstensheni, halafu pima tena. Ikibaki sifuri, pawa saplai imekufa, au kuna kitu kwenye mazabodi kimepiga shoti kikaizima. Kutofautisha ni rahisi, chomoa kiunganishi kwenye mazabodi upime zambarau tena, zikirudi 5 basi mzigo, yaani mazabodi, ndo mbaya, zisiporudi ni pawa saplai.

Na kwa nini naishuku hiyo sakiti toka mwanzo? Sababu ni stima kupotea. Pale ndani, karibu na ile chipu inayoiendesha, kuna kapasita moja ndogo, tuseme mikrofaradi (kipimo cha ujazo wa kapasita) 10 mpaka 47 na volti 50, nyembamba, imebanwa katikati ya vitu vinavyotoa joto. Kazi yake kubwa ni kuipa hiyo chipu nguvu ya kuanza na kujiendesha. Mashine ikiwa imechomekwa mwaka mzima sakiti inakuwa inatembea tu, na kapasita hiyo inakauka polepole bila mtu kujua kwa sababu joto lake lenyewe linaisaidia kubaki hai. Siku stima inapotea masaa, inapoa, na stima ikirudi sakiti inatakiwa ianze kutoka sifuri, na nguvu ya kuanza haina tena. Kapasita ya senti kidogo imezuia mashine nzima. Kichwa chake bapa, safi, hakuna fundi wa kuangalia kwa macho atakayeiona, na zile mbili zilizovimba kwenye mazabodi ndo zinalipishwa kosa lake.

Kuna jaribio la kuthibitisha bila kufungua. Iache imechomekwa, imezimwa, nusu saa ama zaidi, halafu jaribu. Ikishindikana, chomoa, omba drayia ya nywele saluni, puliza hewa ya moto ya wastani kupitia matundu ya pawa saplai dakika kadhaa, usiikaribishe sana isiyeyushe plastiki, weka drayia pembeni, chomeka, jaribu. Kapasita iliyokauka inapata nafuu ikipata joto. Ikiwaka hivo, jibu umelipata. Isipowaka vilevile, puliza upande wa kapasita za prosesa, mashine ikiwa imechomolewa, jaribu tena. Ikiwaka safari hiyo basi ni zile za mazabodi na fundi wako alikuwa sawa. Haya sio matibabu, kesho itagoma tena, lakini yanakuonesha upande.

Tuseme zambarau iko sawa. Sasa chomoa kiunganishi chote kwenye mazabodi, tafuta klipu ya karatasi, stima ikiwa imezimwa unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi, chomeka kitu kimoja kikale moto kidogo, feni ama ile ya kusomea CD, kisha washa ukutani. Feni ya pawa saplai inatakiwa izunguke na isisimame. Pima njano, iwe 11.4 mpaka 12.6. Nyekundu, 4.75 mpaka 5.25. Chungwa, 3.14 mpaka 3.47. Pima na kijivu, hiyo inatakiwa ipande kwenye 5, ni ishara kwamba volti zote zimekaa sawa, inatakiwa itokee ndani ya nusu sekunde na mazabodi isipoiona haiiruhusu prosesa ianze, ndo ile unabonyeza feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi.

Hapa naomba usijidanganye. Namba nzuri bila mzigo mzito hazimaanishi pawa saplai ni nzima. Kapasita zake za upande wa kutokea zikikauka, mita itakusomea 12 safi kabisa wakati moto wenyewe unatetemeka ndani yake, kiwango kinachoruhusiwa cha huo mtetemeko ni milivolti 120 kwenye njia ya 12 na 50 kwenye ya 5, mita ya kawaida haiuoni, inataka osiloskopu, kifaa kinachochora mtetemeko wa moto kwenye skrini. Kwa hivo jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la kuazima. Nenda kwa mtu hapo mtaani mwenye kompyuta ya mezani inayowaka, muazime pawa saplai yake saa moja, chomeka kwenye mazabodi yako juu ya meza, ile kubwa ya 24 na ile ndogo ya nyaya njano na nyeusi karibu na prosesa, watu wanaisahau hiyo ndogo halafu wanasema mazabodi imekufa. Ikiwaka, umeokoa 6,500. Na usiogope kumharibia mwenzako, pawa saplai ya maana ikikuta shoti inajizima yenyewe.

Isipowaka na pawa saplai nzima, sasa ndo tunaongea mazabodi. Chomoa hadidiski, kadi zote, bakisha RAM moja. Futa meno ya hiyo RAM kwa raba ya shule na irudishe kwa nguvu mpaka vishikio viite, kwa hewa ya Lamu meno yanapata utando na mashine inakataa kabisa. Pima betri ya duara, ile CR2032, mpya ni volti 3 na kidogo, ikiwa imeshuka chini sana ibadilishe, ni rahisi na baadhi ya mazabodi zinagoma kwa ajili yake tu. Ikibaki kimya baada ya hayo, zile kapasita zilizovimba sasa zina kesi.

Fundi akitaka kukupimia kapasita zikiwa zimekaa kwenye bodi kwa mita ya kawaida, elewa kwamba namba hiyo haina maana sana, zile za prosesa zimeunganishwa nyingi pamoja kwa hivo anapima ukoo mzima. Na akikwambia kuna shoti pale kwa sababu mita imesoma omu chache, ajue kwamba kwenye njia ya prosesa hiyo ni kawaida, prosesa yenyewe inasoma hivo, aitoe kwanza prosesa ndo apime. Kipimo cha maana cha kapasita ni ESR, yaani ukinzani wake wa ndani. Kapasita inaweza kusoma mikrofaradi zake zote vizuri na ESR imepanda mara kumi, hiyo ni mbovu. Mpya ya mikrofaradi 1,000 ya aina ya mazabodi inasoma sehemu ndogo sana ya omu moja, 0.02 mpaka 0.05 hivi, ukikuta inasoma nusu omu na kupanda tupa. Vipo vipima vidogo vya bei nafuu vinavyoonesha mikrofaradi na ESR pamoja, fundi yeyote anayejiita fundi wa kompyuta awe nacho.

Kubadilisha zenyewe ni kazi inayofanyika, kuliko kununua mazabodi nyingine ya mtumba yenye kapasita za umri uleule. Soma kwenye ganda, mfano 1500µF 6.3V. Mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe zilezile ama zaidi, usishuke. Joto 105°C, na lazima ziwe za ESR ndogo, hapo ndo wengi wanaharibu, wanaweka kapasita ya redio yenye namba sawa, mashine inawaka wiki mbili inavimba tena. Pima na unene, ya milimita 8 miguu yake imeachana 3.5 na ya milimita 10 imeachana 5, isipoingia vizuri usilazimishe. Za kung'oa kwenye mashine nyingine iliyokufa usikubali, zina uzee wake. Ukiagiza Mombasa ama Nairobi kule mtaa wa Luthuli, mpigie picha muuzaji ganda la ya zamani, na agiza mbili tatu za ziada maana mzigo mpaka ufike Mokowe uvuke hutaki kurudia kwa ajili ya moja iliyopotea. Badilisha zote za familia moja zilizo pale kwa prosesa, sio mbili zilizovimba tu, wenzake wamekula joto lilelile.

Mwambie fundi apige picha kabla hajang'oa. Mstari wa pembeni ya kapasita ni upande wa hasi, na kwenye bodi nyingi nusu duara iliyopakwa rangi ni hasi pia, lakini ziko bodi zilizopaka upande wa chanya, hasa za zamani za Asus, anayefuata mazoea anaiweka kinyume na itapasuka usoni ukiwasha. Pasi ya solda iwe na nguvu, wati 60 kwenda juu, kwa sababu mguu wa hasi umeungana na shaba iliyotanda bodi nzima na inanyonya joto lote. Solda ya kiwandani ya mashine za baada ya 2006 haina risasi, inayeyuka kwenye digrii 217 hivi, akiongeza kwanza solda ya kawaida yenye risasi inayoyeyuka 183 zinachanganyika na mguu unatoka bila kuvutwa. Ukimuona anavuta kwa koleo huku solda haijayeyuka, msimamishe, anang'oa na shaba ya ndani ya tundu na hapo ndo mazabodi itakufa kweli. Kama hana pasi ya namna hiyo wala hajawahi kufanya kazi ya bodi zenye tabaka nyingi za shaba, niletee Malindi ama mpelekee mwenye vifaa, hakuna aibu.

Kwa pesa, mimi naona hivi. Pawa saplai ikiwa ndo mbovu, nunua nyingine badala ya kutengeneza, ila usichukue ile nyepesi ya bei ya kutupa, inyanyue mkononi, nyepesi sana haina kitu ndani. Na kabla hujaichomeka angalia nyuma kama ina kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, kiwe 230, kikiwa 115 kwa stima yetu italipuka palepale. Mazabodi ikiwa ndo mbovu na ni kapasita tu, badilisha kapasita. Bodi ikiwa imeliwa chini ya kapasita mpaka njia za shaba zimekatika, ama mashine yenyewe ni ya zile za 2004, hapo sikushauri utie pesa, weka akiba ununue mtumba mwingine mdogo umri.

Mashine ikirudi kazini, stima ikipotea zima ukutani. Ikirudi usikimbilie, ngoja dakika chache itulie, maana inarudi na kishindo. Isogeze mbali na dirisha la bahari, na vumbi la mapezi ya prosesa lipige brashi kila mwezi, shika feni na kidole isizunguke wakati unafanya hivo.

Na kwa kuwa umesema una kazi za watu ndani, fomu na picha za pasi, usiwasubirishe mpaka haya yote yaishe. Hadidiski haiguswi na ugonjwa huu isipokuwa kwa bahati mbaya sana. Chomoa nyaya zake mbili, fungua skrubu nne, nunua ile kebo ya kuigeuza iwe ya USB, ila kama ni hadidiski kubwa ya mezani iwe kebo inayokuja na adapta yake ya stima kwa sababu USB peke yake haina nguvu ya kuizungusha. Ichomeke kwenye laptopu yoyote, nakili mafaili ya wateja kwanza, mengine baadaye, na hiyo ifanye leo kabla fundi hajarudi na bisibisi.